Choroko Zilikwenda Upande Wako

Saumu mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo chumbani unagombana na zipu ya begi, na mama mdogo wako Tatu anakwambia ulikalie ndiyo litafunga. Mimi nipo uani, nimeegemea ukuta wa jiko, naandika. Dawa ya alasiri imeshika, kwa hiyo nina muda wangu mzuri kabla mkono haujaanza vituko vyake. Ukiona herufi zinaanza kubwa mwanzo wa mstari halafu zinasinyaa mpaka zinakuwa kama mayai ya chawa, usidhani nabana karatasi. Mimi naandika kubwa, ugonjwa ndiyo unazipunguza.

Mambo ya koti, ya chakula cha huko, ya kuswali kwa wakati na ya kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua, hayo ameyachukua Tatu, na unamjua, akianza haishi. Mimi nina jambo moja tu. Alhamisi ulinishika mkono ukaniambia, "Mama, sema neno moja tu, nabaki. Nitawaandikia wale Wabelgiji wa chuo. Wakiniwekea nafasi sawa, wasiponiwekea shauri yao." Mimi nikainuka nikaenda kufunua sufuria ambayo haikuwa na kitu. Tangu siku hiyo kila nikifungua mdomo unanitazama. Neno lenyewe ninalo, na nitakuandikia humu humu. Ila niache nianzie mbali kidogo, kwa sababu nikianza nalo sitaweza kuendelea.

Hapa Kariakoo watu wananijua kwa kuchora. Kabla hawajaja wenye maghorofa yao wakatuziba jua, mabibi harusi walikuwa wanakaa foleni kwenye baraza yetu, na wengine nilikuwa nafuatwa niende kwao, Magomeni, Ilala, Upanga. Hina ina huruma, ikiteleza unaipangusa haraka na mtu hajui. Piko haina huruma. Ile rangi nyeusi ikigusa ngozi imegusa, hata ukilia. Ndiyo maana mchoraji wa piko anajulikana kwa mstari, na mstari wangu ulikuwa unanyooka mpaka wenzangu wananionea wivu mbele yangu bila kuficha.

Siku ya kwanza ya vituko vya mkono ilikuwa Magomeni, wewe ukiwa mwaka wa kwanza chuo. Nilikuwa navuta shina refu kutoka kwenye kifundo cha mkono kwenda kidole cha kati, mstari ukaja na mawimbi. Kidole gumba changu kilikuwa kinacheza chenyewe, mimi sijakituma. Nikajifanya hamnazo. Kila penye wimbi nikatia jani. Bibi harusi akafurahi kweli, mashoga zake wakapiga picha, na baada ya muda mfupi nikaanza kupigiwa simu, "Mama Saumu, na sisi tunataka ile ya mawimbi." Makubwa haya. Nikavimba kichwa. Nikawa naulizwa nimejifunza wapi, najibu kwamba imenijia tu, na hapo sikusema uongo. Nilikaa muda mrefu nasifiwa kwa ugonjwa wangu.

Wewe uliniuliza mara moja. Tulikuwa tunakunywa chai, kikombe kikawa kinagonga kisahani, ukasema, "Mama, huo mkono vipi?" Nikakujibu kwa ukali kwamba nimebeba ndoo, kwani wewe ulikuwa wapi. Ukanyamaza. Najua kunyamazisha mtu, hilo nimejaliwa, na sijui limenisaidia nini. Huko uendako mambo yako yakianza kutetemeka, iwe kazi, iwe mwili, iwe mtu uliyempenda, usiyatie majani. Mwite mtu ayatazame yalivyo. Basi, nimemaliza, sikuhubirii.

Yaliyotokea Upanga unayajua, ulikuwepo, lakini hujui yalivyokuwa kwa upande wangu. Ulikuja kunisaidia siku ile, unanishikia pamba na kunipepea. Mkono wa kulia wa yule binti ulikwenda vizuri. Wa kushoto, nilipofika juu ya kiganja, mkono wangu uliruka. Haukutetemeka, uliruka, na koni ya piko ikamwaga doa kubwa kama kokwa la tende. Shangazi yake akainama akatazama, akasema polepole, "Mama Saumu, leo umechoka?" Angenitukana ningemshukuru. Binti wa watu akasema, "Shangazi, muache," na machozi yameshamjaa. Na mimi nimeshika koni hewani, inacheza.

Wewe ukaichukua. Hukuniuliza. Ulikaa mahali pangu, ukalizungushia lile doa petali mpaka likawa ua, ukashuka na shina lake hadi kwenye kidole, na mstari wako, Saumu, ulikuwa mnyoofu kama wangu wa zamani. Mimi niliona wivu. Unajua wivu wa mama kwa mtoto wake ulivyo mchungu? Nilitaka kukupokonya ile koni. Halafu tukiwa kwenye bajaji kurudi nikataka kukushukuru, na badala ya kukushukuru nikakwambia petali zako ni nene. Zilikuwa nzuri. Nakwambia leo.

Ukanipeleka hospitali kesho yake, hukunipa nafasi ya kubisha. Daktari kijana, mpole mpaka anakera. Akaniambia nigonganishe vidole, akaniambia nitembee kwenye korido niende nirudi, akanikunja kiwiko kama anajaribu bawaba. Mwisho akasema dawa za kunisaidia zipo, ila ya kuurudisha ugonjwa ulikotoka bado haijapatikana. Wewe ukamwuliza maswali mengi, mengine ya Kiingereza, na mimi nikawa natazama feni. Nilisikia neno moja tu, kwamba unakwenda taratibu. Nikashukuru ule utaratibu, halafu nikafikiri vizuri nikaona kumbe amesema unakwenda.

Mtaani wakaanza kunifariji kwa namna yao. Mwanao si anasoma mambo ya umeme na sumaku? Basi atakwenda huko atakuletea mashine. Nami nikawa nawaitikia. Inafika mahali mtu ukiambiwa jambo zuri kila siku unaanza kuliamini bila kutaka. Ndiyo nikakuuliza siku ile, tumekaa hapahapa uani nachambua choroko, nikakwambia nieleze vizuri unachokwenda kusoma, na kama kina faida na mkono huu.

Ukasema, "Mama, mimi nasomea utando wa chuma. Si ubongo."

"Utando gani?"

Ukaanza. Ukasema kuna metali ukiipoza sana, baridi ambayo hata mabarafu ya samaki pale Feri hayaijui, umeme unapita ndani yake bila kupungua hata chembe. Nikasema hiyo nzuri, waambie watu wa luku. Ukacheka. Ukasema tatizo ni kwamba ukiileta karibu na sumaku, ile sumaku inapenya kwa vinyuzi vidogo vidogo, na kila kinyuzi umeme unakizunguka, unazunguka tu, visulisuli visivyoonekana kwa macho. Vikitulia hakuna neno. Vikianza kutembea, umeme unaanza kupotea. Kwa hiyo watu wanautoboa ule utando matundu madogo mno ili visulisuli vinase humo. Wewe kazi yako ni kutoboa matundu ya pembetatu, yote yameelekea upande mmoja.

"Ya pembetatu yana nini?"

Ukainuka ukaenda dukani kwa jirani ukarudi na boksi la viatu. Ukaikunja kadibodi meno meno, kila jino upande mmoja mteremko wa polepole, upande wa pili ukuta. Ukanichotea choroko zangu ukazimwaga katikati. Ukasema, "Sasa ukiitikisa kulia kushoto, sawasawa, hupendelei upande wowote, utaona. Subiri nichukue simu nikurekodi." Ukaniwekea mapajani, mikono yangu ikaishika huku na huku. Hukufikiria. Wala mimi sikufikiria.

Sikuitikisa. Ilitikisika yenyewe. Na choroko zikaanza kupanda, moja inaruka jino, nyingine inaifuata, taratibu, zinaniacha mimi zinakwenda upande uliokuwa umekaa wewe, mpaka zikajaa ukingoni zikaanza kudondoka kwenye kanga yako. Tatu alikuwa anapita na beseni, akacheka akasema, "Loh, dada, kumbe umeme ni wewe mwenyewe." Wewe hukucheka. Ulikuwa umeshika simu na hukubonyeza chochote.

Uliiondoa ile kadibodi mapajani mwangu polepole sana. Nikakuuliza, "Na hakuna namna ya kuyageuza meno?"

"Ya kadibodi?"

"Ya huku." Nikakuonyesha mkono.

Ukatazama chini ukaanza kuokota choroko. Ukasema, "Mama, usifananishe. Visulisuli havina mtoto."

Halafu, nadhani kwa kunihurumia, ukaniambia kwamba visulisuli vikiwa vingi mno mambo yanageuka. Matundu yanajaa, vinavyokosa nafasi vinakaa katikati, na vile vilivyonasa vinavisukuma hivi vya katikati, na hivi vinaanza kwenda upande mwingine, kinyume kabisa. Nikasema, "Kwa hiyo tukiwa wengi." Ukasema, "Mama." Nikasema nauliza tu. Lakini kusema kweli nimeliwaza hilo kama mjinga, natembea na kikapu changu katikati ya mikokoteni na wamachinga pale Mtaa wa Kongo, watu wananisukuma huku na huku, nawaza tukiwa wengi, tukiwa wengi. Hakuna kilichogeuka. Nilikanyagwa tu mguu.

Sikuelewa hata nusu ya uliyonieleza, na usijipe kazi ya kunieleza tena. Nilielewa kimoja. Kwamba hakuna anayesukuma upande mmoja. Mtikisiko ni wa haki, kulia na kushoto sawasawa, na bado vitu vinahama. Na mimi ndivyo nilivyokuwa nakutikisa tangu ulipopata ile barua ya Wabelgiji. Asubuhi nikikuona umeinamia kompyuta yako, macho yanawaka, nataka uende, hata leo, hata kwa miguu. Jioni dawa ikiisha nikishindwa kufunga kifungo cha gauni, nataka ukae. Sikupendelea upande. Na wewe jino baada ya jino umekuwa unakwenda, na nilikuwa nakuona.

Sasa nikwambie la mikono yako.

Desturi yetu unaijua, msichana hachorwi kabla hajaolewa. Sikukuu ataruhusiwa duara la hina kiganjani na ncha za vidole, zaidi ya hapo watu watauliza harusi lini. Nimechora mikono ya mabinti wa watu mpaka mgongo umepinda, na yako nikaiweka. Nilikuwa nakuchora kichwani. Nikilala nakuchora. Kuna mzabibu ambao sijamchora mtu yeyote, unaanzia kwenye kiwiko unazunguka mara moja unaingia kiganjani, na majani yake madogo yana mishipa, kila jani na mishipa yake. Binti wa tajiri alikuja hapa akaona nimeujaribu kwenye karatasi, akautaka, nikamwambia huu una mwenyewe. Nilikuwa nasubiri uolewe. Kila akija mtu kuulizia unaniambia una mtihani, nami nikawa nasema hewala, mtihani upite. Mitihani ikapita. Mkono nao ukapita.

Ningekuchora tu. Ningekuchora siku yoyote, siku ya kawaida, umerudi shule una njaa, na watu waulize wanachotaka kuuliza. Nani alinituma nikae na ule mzabibu? Niliona kitu kizuri kinawekwa. Sikujua kwamba kuna vitu vikiwekwa vinakwisha huko huko vilikowekwa. Huko uendako usiwawekee watu mazuri yako, Saumu. Sijui nilisemeje vizuri zaidi ya hivyo.

Leo asubuhi umekuja na koni ya hina, umeshaikata ncha, ukanyoosha mkono ukasema, "Nichore." Tatu akaanza, mwali hajaolewa anachorwaje. Ukamwambia, "Mama mdogo, naenda Ubelgiji, huko nani anajua." Nikakuambia dawa bado haijashika. Ukasema hivyo hivyo. Nikajaribu ule mzabibu. Ulishuhudia mwenyewe. Shina lilitoka kama njia ya konokono mlevi, na majani sikuweza, jani la kwanza lilikuwa tone, la pili tone, la tatu nikaacha. Ukautazama ukasema, "Mzuri." Muongo wewe. Nikakwambia nenda kaoshe kabla haujakolea, maji yapo kwenye ndoo. Ukakataa. Ukakaa nao juani pale penye kipande cha jua tulichobakiziwa, umekunja mkono wa gauni, mpaka ukakauka. Niliingia ndani nikalia. Tatu akadhani natafuta kanga.

Mwanga unapungua na mkono umeanza. Niseme lililobaki.

Kuna jambo daktari alikueleza pembeni akidhani sisikii. Kwamba uso nao unakauka. Kwamba ndani mtu anaweza kuwa anacheka au anapasuka moyo, na nje pasionekane kitu. Mwanzoni nilidhani ameongeza chumvi. Halafu ikaja ile siku uliyopata nafasi yako. Uliingia mbio kutoka mlango wa mbele, kiatu kimoja umekiacha barazani, ukaniambia wamenichukua, mama, wamenichukua. Nilifurahi, Saumu. Nilifurahi mpaka masikio yakaziba. Na wewe ukasimama ukanitazama, ukauliza kwa sauti ndogo, "Hujafurahi?" Nikasema nimefurahi. Ukaitikia, lakini hukuniamini. Nilikwenda kwenye kioo cha kabati nikajitazama, nikaona mwanamke amenuna. Nikajaribu kucheka, yule mwanamke akazidi kuninunia. Nilikichukia kile kioo.

Kesho kwenye uwanja wa ndege utanitafuta usoni, nakujua. Utataka kusoma jibu ulilolikosa kwangu tangu Alhamisi, na utakuta uso wa mtu aliye kwenye foleni ya benki. Sauti nayo imebaki ya kunong'ona, na pale pana makelele. Kwa hiyo nimeamua nitakavyofanya. Utanikumbatia, na mimi nitakushika vibaya kwa sababu mikono haitulii, wewe vumilia. Tatu atalia kwa niaba ya ukoo mzima. Ukiniuliza tena kama nina neno, nitakuonyesha mlango kwa kidevu, nenda. Na pale wasiosafiri wanapoishia nitakupa barua hii, nitakuapisha usiifungue mpaka ndege ipae. Wewe tangu mdogo ukiapa umeapa, hata kwa mambo ya kipuuzi.

Basi kama unasoma hapa, upo juu. Mimi siwezi kukurudisha, wewe huwezi kushuka, na rubani hatujui sisi. Ndiyo maana sasa naweza kukujibu. Hili si neno la kufuata. Ulisema nikilisema utabaki, nami nilijua ni kweli, ndiyo nikalikalia siku zote hizi na kukufunulia sufuria tupu. Lakini sitaki uishi huko miaka ukidhani mama yako hakuwa na la kukuambia, ukakumbuka ule uso ukadhani ndio moyo.

Neno lenyewe ni baki.

Mama yako